John Jay, Jaji Mkuu wa Kwanza wa Marekani

Hotuba juu ya hakimu aliyejua mipaka ya kazi yake



Katika lugha ya Kiswahili neno "shauri" lina maana mbili. Mtu akipatwa na jambo zito humwendea mzee mwenye busara kumwomba shauri, yaani maoni ya kumwongoza. Na watu wawili wakigombania mpaka wa shamba, wao nao hupeleka shauri lao mbele ya hakimu, yaani daawa ya kukatwa. Neno ni moja, lakini kazi ni mbili. Na mtu mmoja akizifanya zote mbili kwa jambo lile lile, haki huingia mashakani. Kwani hakimu aliyekwisha kumpa mmoja wa wagomvi maoni yake faraghani, atawezaje kumsikiliza wa pili kwa moyo mweupe?

Swali hilo liliwakabili mahakimu wa kwanza wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika mwaka wa 1793, na mkubwa wao alikuwa John Jay. Jibu walilolitoa lingali likifuatwa na mahakama za shirikisho za nchi ile mpaka leo. Katika maisha yake Jay alipata vyeo vingi: alikuwa mjumbe, balozi, waziri, Jaji Mkuu na Gavana. Lakini heshima yake kubwa haikutoka katika vyeo alivyovipokea. Ilitoka katika mambo machache aliyoyakataa, ijapokuwa waliomwomba walikuwa rafiki zake na watu wakubwa wa taifa.

Ujana wake

John Jay alizaliwa mjini New York tarehe 12 Desemba, 1745, wakati nchi ile ilipokuwa bado koloni la Uingereza. Babu yake, Augustus Jay, alikuwa Mfaransa wa madhehebu ya Kiprotestanti, aliyekimbia kwao baada ya Mfalme Louis wa 14 kuifuta, katika mwaka wa 1685, ile amri iliyowapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu. Baba yake, Peter Jay, alikuwa mfanya biashara tajiri, na mama yake alitoka katika ukoo mkubwa wa Kiholanzi. Wawili katika ndugu zake wakubwa walikuwa wamepofuka macho kwa ugonjwa wa ndui. Muda mfupi baada ya John kuzaliwa jamaa yote ilihama mji, ikaenda kukaa shamba huko Rye, na huko ndiko alikolelewa.

Mwaka wa 1760, alipokuwa na umri wa miaka 14, aliingia King's College mjini New York, chuo ambacho leo chaitwa Columbia University. Alimaliza masomo yake mwaka wa 1764, akajifunza sheria katika ofisi ya wakili, na mwaka wa 1768 akapata ruhusa ya kusimamia kesi mahakamani. Mwaka wa 1774 alimwoa Sarah Livingston, binti wa mtu mashuhuri wa New Jersey.

Mwaka huo huo ugomvi kati ya makoloni na Serikali ya Uingereza ulikuwa umepamba moto. Jay alichaguliwa kuwa mjumbe katika mkutano wa kwanza wa makoloni uliofanyika Philadelphia. Hakuwa mtu wa kuchochea vita. Alitumaini kwamba mambo yangeweza kupatanishwa, na katika mwaka wa 1775 alikuwa miongoni mwa waliotaka Mfalme George wa Tatu apelekewe ombi la amani. Ombi lile halikukubaliwa. Tumaini lilipokwisha, Jay aliingia upande wa uhuru kwa nguvu zake zote, wala hakurudi nyuma tena.

Kazi zilimjia moja baada ya nyingine. Mwaka wa 1777 alishika sehemu kubwa katika kuandika katiba ya kwanza ya jimbo la New York, kisha akafanywa Jaji Mkuu wa jimbo hilo. Mwezi wa Desemba, 1778, alichaguliwa kuwa Rais wa Kongresi ya majimbo yaliyokuwa vitani. Mwaka wa 1779 alipelekwa Hispania kutafuta urafiki na mkopo wa fedha. Huko alikaa zaidi ya miaka miwili akingojea milangoni, kwani Mfalme wa Hispania hakutaka kuwatambua watu walioasi mfalme mwenzake. Alipata fedha kidogo tu, lakini alijifunza kwamba nchi isiyo na nguvu ya kutimiza ahadi zake haisikilizwi na mtu. Kutoka Hispania aliitwa Paris, na pamoja na Benjamin Franklin na John Adams akatia sahihi tarehe 3 Septemba, 1783, mapatano yaliyomaliza vita na kuupa uhuru wa Marekani kibali cha Uingereza.

Waziri asiyependelea

Aliporudi nyumbani mwaka wa 1784 alifanywa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Wakati ule majimbo 13 yalikuwa yameungana kwa jina tu. Kongresi iliweza kufanya mapatano na mataifa, lakini haikuwa na uwezo wa kuyalazimisha majimbo kuyashika. Waingereza walikuwa wangali wamekalia ngome zao katika mipaka ya kaskazini-magharibi, wakisema ya kuwa Wamarekani nao hawajatimiza ahadi ya kuwaacha wafanya biashara wa Kiingereza wadai madeni yao ya zamani.

Wamarekani wengi walitaka waziri wao aseme kwamba kosa lote ni la Waingereza. Jay hakusema hivyo. Baada ya kuchungua sheria za kila jimbo, aliiandikia Kongresi taarifa katika mwaka wa 1786, akaonyesha kuwa majimbo kadhaa yalikuwa yamevunja mapatano kwa kutunga sheria za kuzuia madeni yale. Taarifa hiyo haikuwafurahisha watu. Lakini ilionyesha tabia ya mtu mwenyewe: kwanza alitazama maandishi yasema nini, ndipo akauliza nani atapendezwa.

Kwa sababu ya mambo hayo alitaka sana Katiba mpya, yenye serikali moja ya shirikisho na mahakama zake. Katiba ilipoandikwa mwaka wa 1787, Alexander Hamilton, James Madison na Jay waliandika makala 85 katika magazeti kuwaeleza watu wa New York faida zake. Tano tu zilikuwa za Jay, kwa kuwa alishikwa na maradhi. Tena, mwezi wa Aprili, 1788, fujo zilitokea mjini New York kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari waliosemekana kuiba maiti makaburini. Jay alikwenda kusaidia kutuliza watu, akapigwa jiwe la kichwa na kuumia vibaya.

Mahakama isiyo na kesi

Katiba ilipokubaliwa na George Washington akawa Rais, Kongresi ilitunga Sheria ya Mahakama, ambayo Rais aliitia sahihi tarehe 24 Septemba, 1789. Sheria hiyo iliweka mahakimu sita wa Mahakama ya Juu. Siku hiyo hiyo Washington alimtaja Jay kuwa Jaji Mkuu, na baada ya siku mbili Seneti ikamkubali. Alikuwa na umri wa miaka 43. Mshahara wake ulikuwa dola 4,000 kwa mwaka.

Mahakama iliitwa kukutana mara ya kwanza mjini New York tarehe 1 Februari, 1790, katika jumba la wafanya biashara. Siku hiyo mahakimu hawakutimia idadi, ikawa lazima kungoja mpaka kesho yake. Na walipotimia, hapakuwa na kesi hata moja ya kusikilizwa. Waliweka taratibu, wakawapokea mawakili, wakaenda zao.

Kazi yao ngumu ilikuwa njiani. Sheria iliwataka mahakimu wa Mahakama ya Juu wazunguke wilaya mara mbili kila mwaka ili kufanya baraza pamoja na hakimu wa mahali. Walisafiri kwa farasi na kwa magari ya farasi, katika njia za matope na za barafu, wakalala katika nyumba za wageni wenye kelele. Jay aliachana na mkewe na watoto wake kwa miezi mingi. Lakini katika safari hizo watu wa vijijini waliona kwa mara ya kwanza kwamba dola mpya ina mahakama, na kwamba mahakama hiyo huwafuata waliko.

Kesi kubwa ya wakati wake ilikatwa tarehe 18 Februari, 1793. Mfanya biashara mmoja wa South Carolina, Robert Farquhar, aliuza bidhaa kwa jimbo la Georgia wakati wa vita, asilipwe. Alipokufa, Alexander Chisholm, msimamizi wa mirathi yake, alilishtaki jimbo lile mbele ya Mahakama ya Juu. Georgia ilikataa hata kufika barazani, ikisema kuwa jimbo lenye enzi haliwezi kushtakiwa na mtu wa kawaida. Mahakimu wanne, Jay akiwa mmoja wao, waliamua kwamba Katiba yairuhusu daawa hiyo. James Iredell peke yake alipinga. Jay aliona kwamba katika nchi ya jamhuri enzi ni ya raia wenyewe, wala si aibu kwa jimbo kujibu madai ya mtu mmoja mahali penye haki.

Majimbo yalikasirika sana. Kila moja lilikuwa na madeni ya vita, nayo yaliogopa kushtakiwa. Kongresi ilipitisha upesi badiliko la Katiba, la 11, la kuzuia mashtaka ya namna hiyo, na kufikia tarehe 7 Februari, 1795, majimbo ya kutosha yalikuwa yamelikubali. Hivyo hukumu ya Jay ilipinduliwa. Lakini angalia jinsi ilivyopinduliwa: si kwa kumtisha hakimu wala kwa kumfukuza, bali kwa kuibadili Katiba yenyewe kwa njia iliyowekwa.

Swali la Rais

Mwaka huo huo wa 1793 Ufaransa na Uingereza ziliingia vitani. Wamarekani waligawanyika. Wengine waliwakumbuka Wafaransa waliowasaidia kupata uhuru. Wengine walijua kuwa biashara yao kubwa ilikuwa na Uingereza. Tarehe 22 Aprili Washington alitangaza kwamba Marekani haitapendelea upande wowote. Lakini balozi mpya wa Ufaransa, Edmond Genêt, alikuwa akizipa silaha meli katika bandari za Marekani ili zikawinde meli za Kiingereza. Meli moja ya Kiingereza iliyotekwa, Little Sarah, ilitiwa mizinga na kupewa jina jipya katika bandari ya Philadelphia kwenyewe, mahali ilipokuwa Serikali, kisha ikatoka baharini ijapokuwa Rais hakutaka.

Washington alikuwa mashakani. Mapatano ya zamani na Ufaransa yaliruhusu nini, na yalikataza nini? Mawaziri wake hawakupatana. Basi tarehe 18 Julai, 1793, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, Thomas Jefferson, aliwaandikia mahakimu wa Mahakama ya Juu kwa amri ya Rais, akiwauliza kama wangeweza kuisaidia Serikali kwa maoni yao. Maswali 29 yalikuwa yametayarishwa.

Itafaa kuwaza hali ilivyokuwa. Aliyeuliza hakuwa mtu dhalimu. Alikuwa Washington, aliyependwa kuliko wote, naye ndiye aliyewapa mahakimu wale vyeo vyao. Jay alikuwa rafiki yake, na mara nyingine alikuwa amempa maoni yake kama rafiki. Hatari ya vita ilikuwa kweli. Mtu yeyote angeweza kusema: taifa liko mashakani, na wajuzi wa sheria ni hawa, kuna ubaya gani wakisema neno?

Tarehe 8 Agosti Jay na wenzake walimjibu Rais kwa barua fupi yenye adabu nyingi, wakakataa. Walieleza kwamba Katiba imegawa serikali katika sehemu tatu, kila moja ikiwa kizuizi kwa nyingine, na kwamba wao ni mahakimu wa mwisho kabisa, ambao baada yao hapana pa kukata rufani. Kwa hiyo haifai waamue maswali nje ya mahakama. Waliongeza kwamba Katiba imempa Rais uwezo wa kutaka maoni ya wakuu wa idara zake, na kwa makusudi imewataja hao tu.

Washington alilipokea jibu hilo bila ya kinyongo. Alikaa na mawaziri wake, wakatunga kanuni zao wenyewe juu ya meli za vita bandarini.

Jambo lililofuata lilionyesha hekima ya jibu lile. Merikebu iitwayo Betsey ilikuwa imekamatwa baharini na meli ya Kifaransa ikaletwa Baltimore, na Wafaransa wakadai kwamba balozi wao mdogo ndiye mwenye haki ya kuamua kama ni nyara halali. Wenye mali walikwenda mahakamani, na shauri likafika Mahakama ya Juu. Sasa hapakuwa na barua ya faragha. Palikuwa na wadai na wadaiwa, na mawakili wa kusema. Mwezi wa Februari, 1794, Jay na wenzake walitoa hukumu wazi kwamba nchi ya kigeni haina ruhusa ya kufungua mahakama yake katika ardhi ya Marekani isipokuwa kwa mapatano, na kwamba mahakama za Marekani zina uwezo wa kusikiliza daawa hiyo. Jambo lililokuwa mojawapo ya mashaka ya Serikali lilikatwa mahali pake, mbele ya watu wote.

Si kila nchi imefuata njia hiyo. Katiba ya India inamruhusu Rais kuiuliza Mahakama ya Juu maoni yake. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 163, inairuhusu Mahakama ya Juu kutoa maoni juu ya mambo yahusuyo serikali za kaunti, ikiombwa na wale waliotajwa humo. Lakini katika nchi hizo ruhusa imeandikwa katika Katiba yenyewe, na mipaka yake yajulikana. Jay hakupewa ruhusa kama hiyo, naye hakutaka kujipa.

Mshika mawili

Hapana budi kusema pia kwamba mtu huyo huyo hakuiona mipaka hiyo wazi siku zote. Mwaka wa 1792, akiwa bado Jaji Mkuu, alikubali kugombea ugavana wa New York. Alishindwa na George Clinton kwa kura 108 tu, baada ya kura za wilaya tatu kutupwa kwa sababu ya makosa katika namna zilivyopelekwa. Wengi waliamini kuwa ameibiwa ushindi, na baadhi yao walikuwa tayari kwa fujo. Jay aliwasihi watulie na kungoja uchaguzi mwingine. Hapo alitenda vema. Lakini swali lilibaki, hakimu alitafuta nini katika uwanja wa siasa?

Swali hilo lilirudi kwa nguvu zaidi mwaka wa 1794. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata mamia ya meli za Kimarekani, na vita vilikuwa karibu. Washington alimwomba Jay aende London kufanya mapatano. Baadhi ya wajumbe wa Seneti walipinga, wakisema haifai Jaji Mkuu kutumwa na Rais, kwani huenda mapatano hayo hayo yakaletwa mbele yake mahakamani. Walishindwa kwa kura 18 kwa 8. Jay alikwenda bila ya kujiuzulu, na Mahakama ikakaa zaidi ya mwaka mmoja bila ya mkubwa wake.

Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 19 Novemba, 1794. Waingereza walikubali kuondoka katika ngome za kaskazini-magharibi ifikapo Juni, 1796, na madai ya madeni, ya meli zilizokamatwa na ya mpaka yalipelekwa kwa wasuluhishi. Njia hiyo ya kusuluhisha ugomvi wa mataifa bila vita iliigwa mara nyingi baadaye. Lakini Waingereza hawakuacha desturi ya kuwakamata mabaharia katika meli za Kimarekani, na biashara waliyoifungua katika visiwa vya West Indies ilikuwa ndogo mno, kwa meli zisizozidi tani 70, hata Seneti ikalikataa fungu hilo. Mengine yalipita mwezi wa Juni, 1795, kwa kura 20 kwa 10, idadi ile ile hasa iliyohitajiwa.

Yalipochapishwa, ghadhabu ililipuka. Katika miji mingi watu walitengeneza sanamu za Jay wakazichoma moto hadharani. Hamilton alipotaka kuyatetea mapatano mjini New York alirushiwa mawe. Wahenga wamesema, mshika mawili moja humponyoka. Jay aliinusuru nchi yake na vita ambavyo isingeviweza, na wengi wa wanahistoria wamempa sifa kwa hilo. Lakini jina la Jaji Mkuu, ambalo lilipaswa kuwa juu ya vyama, lilikuwa limekuwa neno la ugomvi wa vyama. Alipofika nyumbani mwezi wa Mei, 1795, alikuta amechaguliwa kuwa Gavana wa New York huku akiwa ng'ambo, akajiuzulu ujaji.

Gavana na utumwa

Habari za Jay haziwezi kusimuliwa kwa ukweli bila kutaja utumwa. Baba yake alikuwa na watumwa wengi, na yeye mwenyewe alikuwa nao. Mwaka wa 1783, jamaa yake ilipokuwa Paris, mtumwa wao wa kike aitwaye Abigail alitoroka. Alikamatwa na polisi, akatiwa gerezani, akaugua, na baada ya muda mfupi akafa. Mtu aliyepigania uhuru wa taifa lake alikuwa na mtu nyumbani mwake aliyefungwa kwa kuutafuta uhuru wake mwenyewe.

Hata hivyo Jay alijua kuwa jambo lile ni baya, naye alilisema. Mwaka wa 1785 alikuwa rais wa kwanza wa chama kilichoundwa New York kwa ajili ya kuwapatia watumwa uhuru, na mwaka wa 1787 chama hicho kilifungua shule ya watoto wa Kiafrika. Majaribio ya kwanza ya kupata sheria yalishindwa. Lakini tarehe 29 Machi, 1799, Jay akiwa Gavana, sheria ilipita: kila mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 4 Julai mwaka huo atahesabiwa huru. Ilikuwa sheria ya mwendo wa pole, kwani watoto hao walilazimika kutumika, wanaume mpaka umri wa miaka 28 na wanawake mpaka 25, na wazazi wao walibaki utumwani. Utumwa ulikwisha kabisa katika New York tarehe 4 Julai, 1827. Mwanawe, William Jay, aliendelea kuupinga utumwa kwa bidii kuliko baba yake.

Barua isiyojibiwa

Mwezi wa Mei, 1800, Gavana Jay alipokea barua kutoka kwa Hamilton, rafiki yake na kiongozi wa chama chake. Chama chao kilikuwa kimeshindwa katika uchaguzi wa baraza la New York, na baraza jipya ndilo ambalo lingewachagua wapiga kura wa kumchagua Rais. Hamilton alimtaka Jay aliite haraka baraza la zamani, ambalo lilikuwa halijamaliza muda wake, ili libadili sheria ya uchaguzi na kumzuia Jefferson asiupate urais.

Hila hiyo haikuwa nje ya uwezo wa Gavana. Na faida yake ilikuwa kubwa, kwani katika hesabu ya mwisho Jefferson alipata kura 73 na Adams 65, na kura 12 za New York ndizo zilizoupindua mzani. Jay aliisoma barua, akaandika juu yake kwamba jambo hilo lapendekezwa kwa ajili ya chama, wala halimfai yeye kulifanya. Kisha akaiweka. Hakumjibu Hamilton. Chama chake kilishindwa, na uchaguzi ukabaki halali.

Mwisho wa mwaka huo Rais Adams alimtaja Jay kuwa Jaji Mkuu mara ya pili, na Seneti ikamkubali hata kabla hajajibu. Tarehe 2 Januari, 1801, Jay aliandika kukataa. Afya yake haikuwa nzuri, na tena, alisema, Mahakama haikuwa na nguvu wala uzito wala heshima iliyohitaji ili iweze kuitegemeza serikali ya taifa. Alizikumbuka njia za matope.

Katika hilo alikosea. Adams alimtaja badala yake John Marshall, aliyekaa katika kiti hicho miaka 34, mpaka mwaka wa 1835, akaifanya Mahakama ya Juu kuwa nguzo ya tatu ya serikali. Lakini Marshall hakujenga juu ya mchanga. Alikuta mahakama ambayo tayari ilikuwa imemwambia Rais, tena Rais mpendwa kuliko wote, kwamba yeye naye hawezi kumwita hakimu faraghani.

Jay alistaafu mwaka wa 1801 akaenda shamba lake huko Bedford. Mkewe Sarah alikufa mwaka uliofuata, kabla hawajafurahia pamoja utulivu walioutamani. Yeye aliishi huko miaka 28, akilima na kusoma, bila kutafuta cheo tena, akafa tarehe 17 Mei, 1829, mwenye umri wa miaka 83.

Watu wengi hukumbukwa kwa waliyoyatenda. John Jay anastahili kukumbukwa kwa barua mbili: moja aliyoiandika kwa adabu kumkatalia Rais, na nyingine aliyokataa kuijibu. Hakuna kati ya hizo iliyomletea faida. Lakini kwa sababu ya ile ya kwanza, mtu mwenye shauri mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani aweza kuingia akijua kwamba mahakimu hawajampa mpinzani wake shauri lao usiku wa jana.